Kitasa cha Mama Keza

Tuseme ukweli: aliyebuni kitasa cha duara alikuwa mtu mwenye vidole kumi vizima, tena hakujali ya mwenzake. Kitu kimeviringwa kama kitunguu, kikalainishwa, kikapakwa rangi ya shaba, halafu unaambiwa ushike, ubane, uzungushe. Mwenye mikono mizima hata hafikirii. Anafungua mlango huku anaongea na simu, huku kakumbatia sufuria, huku anamgombeza mtoto. Muulize jioni leo ameshika vitasa vingapi, atakuona huna kazi ya kufanya. Mzee Libère angekujibu papo hapo. Hata kimoja.

Vidole vyake vilikuwa vimepinda vyote upande mmoja, na viungo vimevimba. Jembe la kambini Tanzania, alikoishi tangu akimbie Burundi akiwa kijana, lilianza kuvikomaza. Kiwanda cha kuku cha Sydney kikamalizia. Miaka nenda rudi alisimama kwenye chumba cha baridi, akitenganisha mapaja na mabawa ya kuku wa watu, mpaka baridi yabisi ikaingia, na ilipoingia haikutoka. Sasa aliweza kunywa chai akiinua kikombe kwa viganja viwili. Taa aliwasha kwa kifundo cha mkono. Lakini kitasa kile cha duara, asilani. Ndio maana kwa miaka yote hiyo vitasa vya nyumba yao ya kupanga pale Merrylands vilikuwa kazi ya mkewe, Concilie, ambaye wote walimwita Mama Keza.

Na Mama Keza aliifanya kazi hiyo kwa mdomo mrefu. Mzee akisimama nyuma ya mlango alikuwa anakohoa kidogo, kwa adabu, ili asiite. Basi utamsikia mama kutoka jikoni: "Nimesikia, Baba Keza, si lazima ukohoe mapafu yote!" Anakuja anaburuza kandambili, anafungua, anasimama kiunoni kashika. "Kule kambini ulikuwa mwanaume kamili. Mlango wa turubai, unausukuma kwa kichwa, unapita. Leo umewekewa kitunguu mlangoni, chali!" Mzee anacheka, anapita. Wakati mwingine mama alikuwa anasikia hatua zake tu, anafungua kabla hajafika, naye anapita bila kupunguza mwendo, kama waziri. Ukiwauliza habari za mapenzi wangekuona mpuuzi, watu wazima wale. Lakini yalikuwa hapo, kwenye kitasa.

Mama akienda dukani alikuwa na ujanja wake. Alikuwa anachomeka kiatu cha mzee chini ya mlango wa chumbani usije ukajifunga. Kiatu kile cha kulia cha kanisani, cheusi, kwa kuwa kisigino chake kilikuwa kinene na kinashika vizuri zuliani. Jumapili anakichomoa, anampa avae, anaweka kandambili badala yake. Wakirudi ibadani kiatu kinarudi kazini.

Halafu moyo wa Mama Keza ukachoka. Hivyo ndivyo madaktari walivyomweleza Keza, binti yao wa pekee, na Keza akamweleza baba yake: moyo umechoka, umejaa maji, haufai tena kutengenezwa. Mama akalazwa wakati baridi inaanza, na Agosti ilipoingia na pepo zake alikuwa bado yuko kitandani, tena hali mbaya zaidi.

Nyumbani ikabidi vitasa vifikiriwe upya. Mlango wa mbele haukuwa na shida, kwa kuwa wenye nyumba walishauwekea kitasa cha mkono, kile unachokibonyeza chini hata kwa kiwiko. Wa bafuni Keza aliung'oa kabisa, akatundika pazia. Ukabaki wa chumbani, chumba cha mzee na mkewe. Hapo ndipo pakawa na kesi.

Rafiki yao Januari, Mtanzania wa Songea, dereva wa basi, mtu waliyekuwa wakisali naye, alikuja Jumamosi moja na samaki wa sokoni Cabramatta mkono mmoja na mfuko wa dukani mkono wa pili. Ndani ya mfuko mlikuwa na kitasa cha mkono, kipya, bado kiko kwenye plastiki yake, na bisibisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Januari. Hicho nini?"

"Nimekuletea dawa ya mlango wako. Nakitoa hiki kitunguu, naweka hiki. Chai haijachemka nimeshamaliza. Wenye nyumba wamekubali, Keza kaongea nao."

"Acha."

"Mzee, ni skrubu tu hizi."

"Nimesema acha. Mama Keza akirudi atafungua."

Januari akamtazama Keza. Keza alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikokuwa akiwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu, na sare yake ilikuwa bado mwilini. Alikuwa amechoka mpaka macho yamemwingia ndani. "Papa, please," akasema. "She's not coming home. Daktari ameshasema. Unaelewa?"

Mzee alielewa. Asingeelewaje? Alielewa vizuri kuliko wote wawili, na ndio maana alikataa. Bafuni sawa, bafuni ni shida ya mwili. Lakini mlango wa chumba chao! Kuuwekea kitasa cha kufungua peke yake ni sawa na kumwambia mama: kaa hukohuko, tumeshajipanga bila wewe. Ni kumzika mtu angali anapumua. Akasema hayo? Hakusema. Alikwenda na kile kitasa kipya, kakikumbatia kwa viganja viwili, akakitumbukiza kwenye droo ya vijiko, akaisukuma droo kwa nyonga. Januari akarudisha bisibisi mfukoni, wakala samaki.

Sasa ikafika asubuhi yenyewe. Keza alikuwa amelala hospitali. Simu ya mzee ikalia jikoni, naye akaibonyeza kwa kifundo, akaiwekea sauti kubwa kama alivyofundishwa.

"Papa, jiandae," Keza akasema. Sauti yake haikuwa ya kila siku. "Daktari anasema ni leo. Januari anakuja kukuchukua na gari. Mama anakuulizia, na anasema umletee kitenge chake cha njano, anasikia baridi. Fanya haraka, Papa."

"Mwambie nakuja."

"Nimemwambia. Njoo."

Leo. Mzee Libère alisimama mbele ya ile simu hata ilipokwisha kuzima. Miezi yote ile alikuwa amekataa kata kata, na sasa neno moja tu lilimwondolea ubishi wote. Hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kufika. Afike, amshike mkono, amwambie nipo. Hakuomba apone. Aliomba amkute.

Akaanza kujiandaa kama mtu anayekimbiwa na treni. Akaenda mlango wa mbele, akaufungua kwa kiwiko ili Januari akija asisumbuke, akauegesha. Akarudi chumbani. Dirisha la chumbani lilikuwa wazi kidogo, kwa sababu Mama Keza hakuvumilia chumba kisichopitishwa hewa asubuhi, iwe baridi iwe jua, na mzee aliendelea na sheria zake hata hayupo. Akakivuta kitenge cha njano kutoka kabatini kwa meno. Akavaa koti. Akatazama miguu yake, akaona kandambili na soksi.

Hapana. Kwa mama, leo, haendi na kandambili. Akavaa kiatu cha kushoto. Cha kulia kilikuwa chini ya mlango.

Unaona basi mambo yanavyokuwa. Mzee mwenyewe, kwa akili zake timamu, aliinama, akakisukuma kile kiatu kwa ukingo wa kiganja mpaka kikachomoka, akakivutia kwake ili akivae. Upepo wa Agosti ukaingia kwa dirisha, ukakimbilia mlango wa mbele uliokuwa umeegeshwa. Mlango wa chumbani ukajibamiza, paa! Na ule wa mbele nao ukafuata. Nyumba ikatulia.

Mzee akabaki kainama, kiatu mbele yake.

Mwanzo hakuogopa. Kwa mazoea tu, akakohoa. Kidogo, kwa adabu. Kisha akasikia kikohozi chake mwenyewe kilivyokuwa kikavu ndani ya chumba, na hapo ndipo moyo ulipomshuka.

Akakiendea kitasa. Akakishika kwa viganja viwili, akabana, akazungusha. Viganja vikateleza. Akajaribu kwa vifundo. Akajaribu kwa kukibana kati ya kiwiko na mbavu na kujipinda mwili mzima, kikacheza kidogo, kikarudi. Akakizungushia kitenge cha mkewe, akakikaza kwa meno na kusukuma kwa mikono, na safari hii kweli kilianza kuzunguka, akausikia ulimi wake ukisogea ndani ya mlango. "Twende, twende baba," akakibembeleza. Maumivu yakampanda kutoka kwenye vifundo mpaka mabegani, macho yakamtoka machozi, kitenge kikateleza, kitasa kikarudi mahali pake. Alikitukana kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa cha shule ya misheni. Kikaendelea kung'aa.

Huko jikoni simu ikalia. Ikalia, ikalia, ikakata. Ikaanza tena.

"Nakuja!" akapiga kelele. "Keza, nakuja! Nimefungiwa!"

Simu haisikii ya chumbani.

Akaenda dirishani. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya pili, na madirisha ya juu yalifungwa kizuizi cha chuma yasifunguke zaidi ya upana wa kiganja, kwa usalama wa watoto. Watoto! Mtoto wa mwisho kuishi humo alikuwa Keza, na Keza sasa ni mtu mzima. Akaupeleka mdomo kwenye ule uwazi. "Jamani! Msaada! Help! Help please!" Chini hapakuwa na mtu, ni mapipa ya taka tu na kamba za nguo. Ng'ambo ya ua walikuwa wakijenga maghorofa mapya, na mafundi waligonga nyundo zao bila kupumzika, na mashine ya kukata chuma ikipiga yowe juu ya yowe lake. Alipiga kelele hata hivyo. Alipiga kelele mpaka koo likawaka, mpaka sauti ikawa mkwaruzo, na mpaka mkwaruzo nao ukamkatikia.

Na hapo ndipo Januari alipofika.

Mzee aliujua mlio wa gari lake. Alizisikia hatua ngazini, hatua nzito za dereva asiyezoea kutembea. Akaukimbilia mlango wa chumbani, akauegemea.

"Hodi!" Januari akaita kutoka nje ya mlango wa mbele.

"Karibu!" mzee akajibu. Hewa tu ilitoka.

Mlango ule wa mbele haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ulikuwa umejifunga kwa upepo tu. Januari angebonyeza kile kitasa cha mkono angeingia, angemkuta, angemfungua, wangeshuka. Lakini mtu huwezi kuwafungulia watu nyumba yao kama polisi. Unapiga hodi, unakaribishwa, ndipo unaingia. Januari alilelewa na bibi yake Songea, na bibi yule, kama alivyosimulia mwenyewe mara nyingi akicheka, alikuwa hapigi mtoto kwa kuvunja sahani, anapiga kwa kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Mzee Libère alizifurahia sana hadithi hizo. Alikuwa akimsifu mbele za watu: Januari ana malezi, Januari si kama vijana wa siku hizi.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mzee akachukua kiatu cha kulia kwa viganja viwili, akaupiga mlango kwa kisigino. Ko! Ko! Ko! Na ng'ambo ya ua mafundi nao wakagonga, ko, ko, ko, na hata yeye mwenyewe aliyekishika kiatu hakuweza kutofautisha kipi chake kipi chao. Akapiga kwa nguvu zaidi. Kiatu kikamponyoka, akapiga kwa kichwa.

Ingia, mwanangu. Ingia tu. Leo usiwe na adabu, nakusihi. Leo kuwa mshenzi.

"Hodi humu ndani! Mzee Libère!"

Hiyo ilikuwa ya tatu. Mzee alijua. Akateleza chini, mgongo mlangoni, kwa sababu kila mtu aliyelelewa anajua kwamba baada ya hodi ya tatu hakuna ya nne. Akamsikia Januari akipiga simu palepale nje, sauti yake ikija vipande vipande katikati ya nyundo: "...hayupo, Keza... hapokei... basi kaondoka mwenyewe, si unamjua... kwa treni labda... ngoja nimfuate kituoni..." Ilikuwa hoja yenye akili. Mara mbili mzee alishawahi kukataa kusubiri lifti akaenda hospitali kwa treni bila kumwambia mtu, na simu aliiacha nyumbani kila mara, kwa kuwa haikumfaa njiani. Hatua zikashuka ngazi. Gari likawaka, likaondoka.

Sijui nisemeje hali ya mzee baada ya hapo. Hakulia. Alikaa chini na kiatu kimoja mguuni na kitenge cha njano mapajani, akikitazama kitasa kwa chini, na kwa chini kile kitasa kilionekana kikubwa. Akamfikiria mama kitandani, akiuliza amefika? Na Keza akijibu yuko njiani. Na mama akiuliza tena. Mlango mmoja, jamani. Ukuta umekatwa ili mtu apite, halafu mtu hapiti. Akaikumbuka droo ya vijiko. Kile kitasa kilikuwa humo ndani, kwenye plastiki yake, na aliyekiweka humo ni yeye. Alikuwa amemsubiri mama aje amfungulie, wakati mama alikuwa anamsubiri yeye.

Simu ikalia tena jikoni, mfululizo, bila kukata roho. Kisha ikanyamaza, na haikulia tena. Mzee akainua kichwa akasikiliza. Alingoja sana. Ilipoendelea kunyamaza akajifunika uso kwa kile kitenge, na sasa ndipo akalia.

Januari aliporudi hakupiga hodi. Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa kishindo, hatua zikakimbia sebuleni, jikoni, zikaja. Kitasa kikazunguka. Kilizunguka kirahisi tu, kwa mkono mmoja, mlango ukafunguka ukamsukuma mzee mgongoni.

"Mzee! Mungu wangu. Mzee!" Januari akapiga magoti. Alikuwa anatweta, shati limelowa. "Nilikutafuta kituoni, nikaenda mpaka hospitali, hupo... Nilipiga hodi, mzee. Nilipiga hodi mara tatu."

"Nilikusikia," mzee akasema kwa ile sauti iliyokwisha.

"Ulinisikia?"

"Nilisema karibu."

Januari akamtazama usoni, paji lilivyovimba kwa kugonga mlango. Kisha mtu mzima yule, baba wa watoto, akaanza kulia kwa sauti, huku akimvalisha mzee kiatu cha kulia kama unavyomvalisha mtoto.

"Bado yupo?" mzee akauliza.

Januari akakaza uso kwenye kiatu. "Twende, baba," akasema.

Hospitalini Keza alikuwa amesimama kwenye ujia. Alipomwona baba yake anatoka kwenye lifti, hakumkimbilia. "Where were you?" akasema. Kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele: "Papa, ulikuwa wapi? Alikuuliza mpaka mwisho. Ulikuwa wapi?"

Mzee akainua mikono yake miwili, akamwonyesha. Keza akaitazama ile mikono, vifundo vimechubuka vinavuja damu, akaanza kutikisa kichwa taratibu, hapana, hapana, kisha akaja akaiweka kifuani kwake. Wakakaa hivyo. Januari alisimama mbali, ukutani, kama mtu anayesubiri kuhukumiwa.

Muuguzi aliyemwingiza mzee chumbani alikuwa Mkenya, anaitwa Abigail, binti mnene mwenye sauti ya upole. Mama Keza hakujua Kiingereza cha kutosha na Abigail hakujua Kirundi, kwa hiyo siku zote walikuwa wameongea Kiswahili. Mama alikuwa amelala, ameoshwa, uso umetulia. Mzee akamfunika kitenge cha njano mpaka mabegani. Akajaribu kukinyoosha mikunjo, vidole havikuweza, Abigail akamsaidia.

"Pole sana, mzee," Abigail akasema. "Mimi ndiye nilikuwa na mama asubuhi yote."

"Aliteseka?"

"Hapana. Alikuwa anachoka tu. Lakini kuna jambo alikuwa analisema sana, nikaona nikuambie." Akageuka kuangalia mlangoni. "Kila mtu akitoka, akifunga mlango, mama anashtuka. Anasema, uacheni wazi. Msifunge. Nikamwambia mama, kuna baridi na kelele za watu. Akakataa. Akasema, mzee wangu anakuja, na mzee wangu hawezi kitasa. Atasimama hapo nje anakohoa, na mimi siwezi kuinuka kumfungulia. Basi nikaweka kiti."

Mzee Libère akageuka. Mlango wa chumba kile haukuwa na kitasa cha aina yoyote. Ulikuwa mlango wa kusukuma, wenye bamba la chuma, ambao hata mtoto angeufungua kwa bega. Mama hakuwa amejua. Aliletwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu na hakuwahi kuuvuka kwa miguu yake. Na ulikuwa wazi mpaka ukutani, umezuiwa na kiti cha plastiki, kama ulivyokuwa umeachwa tangu asubuhi.

Watu walikuwa wanapita ujiani, na wengine walichungulia ndani, wakaona, wakaharakisha.

"Mzee," Abigail akasema polepole, "nifunge sasa, ukae na mama?"

"Funga tu, mwanangu," mzee akasema. "Hakuna anayekuja tena."

Abigail akaondoa kile kiti, na mlango ukajifunga wenyewe.